Fungu la Kumi la Pesa za Watu

Siku ya usaili Yustina Mligo alivaa blauzi nyeupe ya kanisani juu, na chini akabaki na suruali yake ya kubebea mizigo, kwa sababu kamera ya simu haina habari na miguu ya mtu. Alijitazama kwenye kioo cha kujipimia jinzi, dukani kwa Madam Chen, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akajipenda hadi kiunoni, kisha akacheka mwenyewe.

"Juu mhasibu, chini kuli," alisema.

"Huyo kuli ndiye anayemlisha mhasibu," Rashid alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Mheshimu."

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, ghorofa ya tatu ya jengo mojawapo la nguo za jumla pale mtaa wa Guangyuan Xilu, jijini Guangzhou, China. Usaili ulikuwa saa tisa alasiri, ambayo nyumbani Tanzania ni saa nne asubuhi, watu wamekwisha kunywa chai na hawana haraka. Saa mbili na nusu zilizobaki Yustina aliziona ndefu kama foleni ya forodha. Haikuwa hofu, hapana. Ilikuwa hamu ya mtoto aliyeambiwa kesho tunakwenda mjini, na kesho yenyewe imefika na viatu vimepigwa rangi.

Chuo chenyewe kilikuwa Chuo Kikuu cha Kikristo Kipengere, kule juu milimani, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Makambako alikozaliwa. Mwaka huo kilikuwa kimewafungulia mlango watu wa namna yake, walioshika hesabu za kazi kwa miaka mingi bila cheti cha maana mkononi. Unatuma picha za daftari lako halisi la hesabu, jopo linalisoma, halafu linakuhoji. Ukipita, unaanza shahada ya uhasibu: masomo kwa mtandao, na mara mbili kwa mwaka unapanda ndege kwenda kukalia mtihani. Usipopita, basi. Tangazo lilisema wazi kwamba mlango ungefungwa mwaka huo huo, na hapakuwa na ahadi ya kufunguliwa tena.

Yustina alikuwa na miaka thelathini na saba. Mlango huo alikuwa ameusubiri tangu ana kumi na saba, siku baba yake alipofariki na ada ya shule ikazikwa naye. Tangu hapo maisha yalimzaba makofi ya kutosha, na yeye, kama Mkristo mwema, alikuwa akigeuza shavu la pili upesi upesi ili shughuli iishe. Aliuza viazi stendi ya Makambako. Akauza mitumba Tunduma. Akauza vitenge Kariakoo mpaka moto ukala kibanda. Miaka mitatu iliyopita aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba, akatua Guangzhou kuwa wakala.

Kazi ya wakala ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Wenye maduka nyumbani wanakutumia pesa. Wewe unazunguka majengo mpaka nyayo zinawaka moto, unanunua, unafunga marobota, unaandika juu ya kila robota jina la mwenye mali na mji wake kwa kalamu nene nyeusi, unayapeleka ghalani karibu na bandari ya Huangpu yapande kontena. Kwa jasho lote hilo unabakiwa na tano katika kila mia.

Rashid alikuwa mwalimu wake: kijana wa Pangani aliyekuja kwa ufadhili, akisomea shahada ya uzamivu ya mambo ya fedha papo hapo Guangzhou. Kila Jumapili, Yustina akitoka ibadani, walikutana kwenye mgahawa wa tambi za halali. Yeye alilipia mabakuli mawili, Rashid akafundisha. Miezi minne mfululizo.

"Ukipita leo," Rashid alisema, "siku ya mahafali nataka watangaze kwenye kipaza sauti: Mkristo huyu amepikwa na Mwislamu."

"Watangaze na hili: Mwislamu mwenyewe alinenepeshwa na Mkristo. Ulikuja kwangu una shingo kama kuku wa kideri."

"Dada Yustina, tambi zile hazina huruma."

Madam Chen, mwenye duka, alikuwa kaunta akila wali wake wa boksi. Watu wote humo ndani walimwita laoban, bosi, hata wale aliokuwa amewafukuza. Aliitazama blauzi nyeupe, akainua dole gumba, akarudi kwenye wali. Ndiye aliyemwazima Yustina kona ile ya duka, nyuma ya rundo la jinzi, kwa kuwa mtandao wake haukuwa na kigugumizi.

Simu ikalia. Barua pepe kutoka chuoni. Yustina aliinyaka kama mtu anayedaka yai.

"Soma kwa sauti," Rashid alisema.

Akasoma. "Ndugu Yustina Mligo. Jopo limesoma daftari lako. Tafadhali jiandae kueleza kwa kina hesabu za Machi hadi Julai, hususan safu ya 'La Bwana', pamoja na maneno yaliyopo ukurasa wa mwisho: 'Agosti mosi. Baki mia sita. Bwana anajua.'"

Sauti yake ilikuwa imeanza juu. Ilifika mwisho ikiwa chini ya kaunta.

"Ukurasa gani huo?" Rashid aliuliza. "Mimi daftari lako nimelipitia mstari kwa mstari. Halina Bwana anajua."

Yustina alivuta begi lake, akatoa kaunta buku mbili, akaziweka juu ya robota. Mapacha. Zote zilikuwa na gari jekundu la mashindano kwenye jalada. Aliwahi kununua dazeni nzima kule mtaa wa Yide Lu, maana ukinunua moja wanakuuzia bei ya mgeni na ukinunua dazeni wanakuuzia bei ya binadamu. Namba alikuwa ameziandika ndani, ukurasa wa kwanza, kwa penseli. Siku ya mwisho ya kutuma, wiki tatu zilizopita, alipiga picha amesimama ghalani, kontena likifungwa, watu wakipiga kelele, akaanzia ukurasa wa pili ili awahi.

"Nimewatumia la kwanza," alisema.

"La kwanza lina nini?"

"Lina ujinga wangu wote, Rashid. Na nimeupigia mistari kwa rula."

Akamfungulia.

Ujinga wenyewe ulikuwa hivi. Mama yake Yustina alikuwa amewalea watoto wake kwa sheria moja: mkono ukipokea, la Mungu hutoka kwanza, kabla hata hujakaa. Basi alipofika Guangzhou na pesa za wateja zikaanza kuingia, Yustina alitii. Mama Pendo wa Tunduma akituma yuan elfu ishirini za jinzi, Yustina alitoa elfu mbili za Bwana. Mzee Sanga wa Makambako akituma elfu kumi na tano za viatu, Yustina alitoa elfu moja na mia tano. Mizigo ya watu aliinunua yote, haikupungua hata soksi. Fungu la kumi alilichomoa kwenye mtaji wake mwenyewe, ile pesa ya kiwanja. Kwake yeye pesa iliyopokelewa ilikuwa pesa iliyopatikana. Hivyo katika kila mia aliyoipokea, yake ilikuwa tano, naye alimpa Mungu kumi. Miezi mitano. Kwenye ibada ya Kiswahili Joshua, mtunza hazina, alikuwa akimsifu mbele ya watu kwa imani kubwa, na Yustina akikaa chini akijiuliza mbona kila akibarikiwa anazidi kukonda.

Rashid alisoma ukurasa, akafunua, akasoma. Mabega yakaanza kutikisika. Alijaribu kukohoa ili aonekane ana mafua, ikashindikana. Akacheka mpaka akaegemea jinzi.

"Dada! Umemlipia Mama Pendo zaka, na Mama Pendo mwenyewe hana habari!"

"Cheka. Ukimaliza unisaidie."

"Na Mama Pendo ni dini gani?"

Yustina akauma midomo. "Mwislamu."

Hapo hata Madam Chen aliacha wali wake kuja kuona ni nani anayekufa nyuma ya jinzi.

Rashid alipopata pumzi alijifuta macho, akawa mwalimu tena. Akalifunga daftari, akaligeuza, akalitazama nyuma na mbele.

"Sikiliza. Halina jina lako popote. Waambie ulikosea ukatuma daftari la msichana mmoja wa kanisani uliyekuwa unamfundisha. Tunawatumia la pili sasa hivi. La pili ni safi, nalijua. Kwisha."

Ulikuwa uongo mzuri, wenye miguu miwili na viatu. Yustina aliuangalia kwa muda. Alifikiria kikao kinaanza, anausema, wanatikisa vichwa, wanafungua la pili, wanatabasamu. Alifikiria na huyo msichana wa kanisani ambaye hayupo, angemtafutia jina gani.

"Mdogo wangu," alisema, "unanifundisha kusema uongo ili nipate kuingia chuo cha Kikristo?"

"Dhambi ni yako. Mimi wakala tu, nachukua asilimia tano."

Alicheka, na kicheko ndicho kilichomwamulia. "Hapana. Kama ni kuninyima, waninyime mimi. Wakimpokea msichana wa kutunga, nani atakwenda kukaa darasani?" Akavuta kaunta buku la pili. "Ila na hili tuwatumie. Tuseme kweli: nilikosea daftari, yote mawili ni yangu."

Wakaanza. Rashid alishika taa ya simu, Yustina akafunua, wakapiga picha, wakafunua. Saa nane kasoro picha zilikuwa zimeondoka. Jibu halikuja. Saa nane na nusu halikuja. Yustina alikunywa maji, akaenda msalani, akarudi, akanywa maji tena, kosa ambalo mtu wa usaili hafanyi mara mbili. Lakini ile hamu haikupoa; kwa namna asiyoweza kuieleza ilikuwa imezidi kuchangamka, kama inavyokuwa unapoingia dukani ukijua bei halisi na muuzaji hajui kwamba unaijua.

Saa tisa kamili uso wa kwanza ukafunguka kwenye simu.

Walikuwa watatu. Dakta Cornel Mgaya, mkuu wa idara ya uhasibu na mwenyekiti, mwenye kipara kilichong'aa kama sahani ya mgeni. Madam Bertila Ndunguru, mhadhiri, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi ingawa hapakuwa na karatasi mbele yake. Na Mchungaji Elinami Mshana, mlezi wa kiroho wa chuo, aliyejifunika blanketi la kimasai begani, maana Kipengere baridi haisubiri Juni.

Walisali. Baada ya amina Madam Bertila hakupoteza muda.

"Ndugu Yustina, tumeona picha za pili ulizotuma. Hatukuzifungua. Muda wa kutuma uliisha wiki tatu zilizopita, na kama tungefungua zako tungepaswa kufungua za kila aliyekosea. Tuna daftari moja. Tutakuuliza hilo."

Nyuma ya kamera, Rashid alijishika kichwa.

"Ni sawa, Madam," Yustina alisema. "Ni langu."

"Vizuri. Machi. Umeandika mapato elfu sitini na mbili. La Bwana, elfu sita na mia mbili. Kodi ya chumba na chakula, elfu mbili. Kamisheni yako ni ngapi?"

"Elfu tatu na mia moja."

"Kwa hiyo umetoa sadaka mara mbili ya ulichopata."

"Ndiyo, Madam."

"Kwa miezi mitano."

"Ndiyo. Mtaji wangu ulikuwa elfu ishirini na tatu. Agosti mosi nikabaki na mia sita." Akaweka sawa kola ya blauzi. "Na Bwana alikuwa anajua kweli, ila nadhani alishindwa kupata nafasi ya kunieleza."

Dakta Cornel alitoa sauti kama ya birika. Madam Bertila hakucheka. Na papo hapo, kama shetani alikuwa ameweka saa, Madam Chen akafoka kutoka kaunta: "Meiyou! Meiyou!" na utepe wa kufungia maboksi ukalia kraaaa duka zima.

"Ni nani huyo anayegombana?" Mchungaji aliuliza kwa wasiwasi.

"Hagombani, Mchungaji. Mteja kaomba apunguziwe. Meiyou ni 'hakuna'. Ndiyo salamu yao."

"Endelea," Madam Bertila alisema. "Nataka kujua uliligunduaje kosa, na ni nani aliyekuonyesha."

Swali hilo Rashid hakuwa amemfundisha. Wangeweza kukaa Jumapili mia wasilifikie. Yustina akaisahau blauzi, akasahau hata Kiswahili chake cha usaili.

"Ni kuli, Madam. Mzee mmoja wa mkoa wa Henan, bado anafanya kazi humu humu. Siku hiyo ya Agosti mosi nilikuwa nimekaa juu ya robota pale chini mlangoni, nina hizo mia sita, nalia. Akapita anavuta mkokoteni una marobota kumi na moja ya jinzi. Kumi na moja! Mali ya maelfu na maelfu. Akasimama kupumzika, akanipa karatasi ya kujifutia. Tukazungumza kwa vidole. Nikamwuliza, leo umepata ngapi? Akanionyesha: mia na themanini. Nikamwonyesha mkokoteni: na hizi je? Akacheka, Madam, alicheka mpaka akakohoa. Akanionyesha ghorofani kwa bosi. Yaani, za bosi hizo. Mimi navuta tu."

Picha ile ilimrudia kama ilivyomjia siku ile, baridi na tamu kama maji ya mtungi.

"Nikajiona. Nikasema, Yustina, huyu mzee anavuta mali ya maelfu kila siku, na jioni hajidanganyi kwamba ni tajiri. Anaijua iliyo yake. Wewe je? Elfu sitini na mbili zimepita mkononi mwako, umeziandika mapato. Hazikuwa mapato. Wewe ulikuwa mkokoteni."

Kwenye simu Madam Bertila alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ifanye Machi upya," alisema. "Hapo hapo, mbele yetu."

Yustina akageuza kamera ielekee juu ya boksi tupu, akachukua ile kalamu nene ya kuandikia marobota, akavuta kikokotoo cha Madam Chen. Alipobonyeza tu, kikokotoo kikapaza sauti ya mwanamke, kwa Kichina, namba moja baada ya nyingine, kwa bashasha kama mtangazaji wa redio.

"Na huyo tena ni nani?" Mchungaji aliuliza.

"Ni kikokotoo. Kinasoma ili mteja asiseme hakusikia. Nivumilieni, hakina kitufe cha kukinyamazisha."

Akaandika juu ya boksi, herufi kubwa kama za robota. Pesa za wateja elfu sitini na mbili: pembeni, peke yake, akaizungushia duara. "Hii si yangu. Imekuja, imenunua mizigo ya watu na kunipa changu." Kamisheni elfu tatu na mia moja. Fungu la kumi mia tatu na kumi. Kodi na chakula elfu mbili. Kikokotoo kikatangaza. "Baki, mia saba na tisini. Kumbe Machi ilikuwa na faida! Ndogo kama sisimizi, lakini faida."

"Mteja amekutumia elfu nne," Madam Bertila alisema haraka, kama anayetupa jiwe. "Mwaka umefungwa, mzigo hujanunua. Hiyo elfu nne ni nini kwako?"

"Ni deni, Madam. Iko mfukoni mwangu, lakini mwenyewe yuko Tunduma."

"Mtu akikuuliza una pesa ngapi?"

"Nitataja iliyopo, na pumzi ile ile nitataja ninayodaiwa. Nikisema moja bila nyingine, nimedanganya na namba zangu zote ziko sahihi."

Kalamu nyekundu iliandika kitu hewani. Dakta Cornel akamgeukia mwenzake wa blanketi. "Mchungaji, una swali?"

Mchungaji Elinami alikohoa. "Mimi si mhasibu. Lakini kwa hesabu hii mpya, katika miezi hiyo mitano ulipaswa kutoa kiasi gani?"

"Elfu moja, mia mbili na arobaini."

"Ukatoa?"

"Elfu ishirini na nne na mia nane."

"Mama yangu." Mchungaji alijikaza. "Sasa binti, tuseme ukweli wa Mungu. Baada ya kugundua, ulikwenda kuidai ile iliyozidi?"

Hapa Rashid, nyuma ya jinzi, aliacha kupumua. Swali la mchungaji huwa halina upande mmoja: ukisema ulidai, umemnyang'anya Mungu, ukisema hukudai, wewe ni mhasibu wa namna gani?

"Ningemdai nani, Mchungaji?" Yustina alisema. "Kuna dada mmoja Mkenya, Mueni, aliugua hapa hana tiketi ya kurudi kwao. Kanisa lilimpeleka. Pesa yangu nyingi ilishapanda ndege na sasa inalima Kitui. Nilikwenda kwa Joshua, mtunza hazina wetu, si kudai. Nilimwambia kosa langu, maana niliona kina dada wengine mawakala wanatoa kama mimi na wanakonda kama mimi. Nikawaonyesha kwenye ubao, Jumapili, baada ya ibada. Sadaka ilishuka mwezi uliofuata." Akatabasamu. "Lakini watu walianza kula."

"Na ile elfu ishirini na tatu, mia tano na sitini iliyozidi," Madam Bertila aliuliza, akiwa ameipiga kichwani bila mtu kumsikia, "uliiandika wapi?"

"Sikuifuta, Madam. Iko kwenye daftari la pili, mstari wa kwanza kabisa. Nimeiandika: ada ya masomo, imelipwa kabla."

Dakta Cornel sasa alicheka waziwazi, kipara chote. Madam Bertila aliinamisha kichwa, na ilikuwa vigumu kusema kilichokuwa kikitokea chini ya miwani.

"Usikate simu," mwenyekiti alisema. "Tunakuondoa kidogo."

Nyuso zikazimika. Dakika ya kwanza Rashid alisema, "Umenyoosha, dada." Dakika ya tatu alianza kukunja jinzi zisizo zake. Dakika ya sita Yustina aligundua kwamba ameshika mguu wa suruali moja ya jinzi zilizotundikwa, tena ameushika kwa nguvu, kama mtu anayevukishwa barabara. Madam Chen alimaliza mteja wake, akaja, akasimama karibu naye bila kuuliza. Akampa kipande cha chungwa. Dakika ya tisa walikuwa wote watatu wameinamia kioo cheusi cha simu kama watu wanaochungulia kisimani.

Nyuso zikarudi.

"Ndugu Yustina," Dakta Cornel alianza, "jopo limekubaliana..."

"Nimalizie mimi," Madam Bertila alisema. "Utaanza mwaka wa kwanza Oktoba, na wengine. Hatukurukishi somo hata moja. Mwandiko wako ni mbaya na mpangilio wa safu zako unanitia kichefuchefu. Lakini nina wanafunzi wa mwaka wa pili wenye vitabu vinne kila mmoja ambao bado wanaandika pesa za watu kuwa mapato, na hakuna mkokoteni uliowahi kuwafundisha. Karibu Kipengere."

Yustina alifungua mdomo. Kikatoka kigelegele. Kilipanda juu ya rundo la jinzi, kikavuka kaunta, kikaenda mpaka kwenye ngazi, wauzaji wa maduka ya jirani wakatoa vichwa kuangalia kuna punguzo gani. Rashid alikuwa akiruka papo hapo, mtu mzima mwenye uzamivu nusu, akisema alhamdulillahi na haleluya kwa mpigo ili asikose upande wowote. Madam Chen hakuelewa hata neno, akapiga makofi.

"Kuna ombi moja," Dakta Cornel alisema kelele zilipotulia. "Daftari lako la kwanza. Tungependa litumike darasani, somo la kwanza kabisa la mwaka. Bila jina, ukitaka."

Yustina alifikiria. Angekaa darasani, kwenye kioo cha simu, na ujinga wake ungeonyeshwa ubaoni, na vijana wa miaka kumi na tisa wangecheka, na yeye angecheka kuliko wote.

"Wekeni na jina," alisema. "Sasa, Madam, kwa kuwa mnatumia mali yangu kufundishia, mtanipunguzia ada kiasi gani?"

Madam Bertila Ndunguru akamtazama juu ya miwani. Mstari wa mdomo wake ukapinda upande mmoja.

"Meiyou," alisema, na akakata simu.

Rashid alikuwa amekaa chini, hoi. "Dada, yule mama wasimpeleke Guangyuan. Wauzaji watafunga maduka."

Yustina alikwisha kuliendea begi lake. Akatoa kaunta buku la tatu kutoka kwenye ile dazeni, jipya, gari jekundu lile lile. Safari hii hakufungua ndani. Alichukua kalamu nene nyeusi na juu ya jalada, kukatisha gari lote, akaandika kama anavyoandika kila robota linaloondoka: YUSTINA – KIPENGERE.

Madam Chen alilisoma, au aliyatazama maumbo yake, na mkono wake ukaenda kwenye kikokotoo kwa mazoea. Kwenye robota, chini ya jina na mji, huandikwa idadi. Akamwonyesha Yustina kioo kitupu cha namba: ngapi?

Yustina akabonyeza moja. Kikokotoo kikaitangaza, kwa bashasha, duka zima.